Kikapu Kisicho na Kitako

Mtu akikuambia kwamba amekulia Newala na hajui thamani ya maji, muulize ni Newala ya wapi. Kwetu juu ya uwanda ardhi ilikuwa inakunywa mvua yote peke yake bila kubakiza tone, kisha inakaa kimya kama si yeye. Maji yalikuwa chini, bondeni, na njia ya kuyafuata ilikuwa imesimama wima hata mbuzi wetu waliishuka kwa makalio na kuipanda kwa meno. Wanawake waliondoka jogoo wa kwanza na kurudi jua limeshakuwa kali, mitungi kichwani, na katika kila mitungi mitatu mmoja ulikuwa unanywewa na njia. Wapo watakaosema nazidisha chumvi. Basi iwe miwili.

Mimi nilikuwa nimeoa karibu na Chilangala. Desturi yetu ni kwamba mwanamume ndiye anayekunja mkeka wake na kuhamia kwa kina mke, kwa hiyo nilikaa pale kama mgeni asiyeondoka: nalima shamba la mama mkwe, napalilia mikorosho, naitika haraka nikiitwa. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita, mimba ya kwanza, na bado alikuwa anashuka bondeni. Kila akipanda lile genge, ule mteremko wa bondeni, nilikuwa nakaa barazani nahesabu mpaka mtungi wake uchomoze. Nilifika mia nane, nikaanza tena.

Utaniuliza, kwa nini hukwenda mwenyewe? Swali zuri, na ushukuru tu kwamba hukuliuliza wakati ule. Mwanamume aliyeonekana na mtungi wa maji aliulizwa kitu kimoja tu: mkeo amekufa, au amekukimbia? Jina lake lingetiwa katika nyimbo za unyago, na nyimbo zile zinaishi kuliko mtu. Nilikuwa tayari kupigana na chui kwa ajili ya mke wangu. Kwa mtungi, hapana.

Nikamgeukia shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Huyu alikuwa na baiskeli, ya pekee pale kitongojini, yenye kengele mbili, taa isiyowaka na kitambaa chekundu kwenye kiti. Haikuwahi kubeba mzigo mzito kuliko majivuno yake.

"Shemeji," nilimwambia, "dada yako mzito sasa. Msaidie hata madebe mawili kwa siku."

"Baiskeli haishuki genge, shemeji."

"Na wewe je, hushuki?"

"Mimi ni mwenye baiskeli," akajibu, akapiga kengele zote mbili na kwenda zake.

Sasa, mimi ni mhitimu wa shule ya usiku, ile tuliyoiita ngumbaru. Cheti changu kipo mpaka leo. Mchwa wamekula jina tu. Tulikuwa tunasoma magharibi kwenye veranda ya shule, watu wazima wenye ndevu, magoti yamegonga kidevu kwa udogo wa madawati, karabai inavuma juu yetu. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa upande wa Masasi, mpole, mwenye kaptula iliyopigwa pasi hata ungeweza kukata muhogo kwa mikunjo yake. Jioni moja akatuambia kwamba huko Masasi vyuo vinne vya ualimu vitashindana mchezo mpya, mpira wa kikapu.

"Watano huku, watano kule," akaeleza, akichora kwa chaki. "Kila upande una kikapu juu ya mlingoti. Unarusha mpira, unaingia kikapuni."

"Halafu nani anapanda kuutoa?" akauliza mzee mmoja wa dawati la mbele.

"Unatoka wenyewe, mzee. Kikapu kimetobolewa chini."

Mzee akafikiri sana. "Mwalimu," akasema, "na wanajua kwamba kimetoboka?"

Vile vyuo sitavitaja majina, maana waliosoma huko bado wapo na bado wanabishana. Nitaviita kama tulivyoviita darasani: Serikali, Misheni, Pwani na Bondeni. Mwalimu akaandika namba moja mpaka nne ubaoni akatuambia kila mmoja abashiri nani atakuwa wa kwanza, nani wa pili, hadi wa mwisho, ili tujifunze kuandika orodha. Miaka ile kila mtu alikuwa mbashiri. Wengine walibashiri uhuru utakuja lini, wengine bei ya korosho. Sisi tukabashiri kikapu.

Shemeji, ambaye alikaa dawati la nyuma kwa sababu alidai yote anayajua, akasema bila kuinua kichwa: "Serikali wa kwanza. Wana viatu."

"Viatu vinarusha mpira?" nikamwuliza.

"Pwani wa pili, wanakula samaki. Bondeni wa tatu. Misheni wa mwisho."

"Misheni wamekukosea nini?"

"Watasali kabla ya kila mpira, shemeji. Wakifumbua macho mchezo umekwisha."

Tulibishana njia nzima kutoka shuleni, tukabishana kwenye uji asubuhi, mpaka bibi wa mke wangu akatoka jikoni kuona ni nani anachinjwa. Bibi huyu alikuwa mfupi kama kinu na mwenye sauti ya mchi. Kwa desturi mimi na yeye tulikuwa watani: aliniita mume wangu, nami nikamwita mke mkubwa.

"Shikamoo, bibi," tukasema kwa pamoja.

"Marahaba. Mnagombania nini, mume wangu? Mwanamke?"

Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, ungo umeegemea nyongani.

"Kikapu hakina kitako?"

"Hakina, bibi."

"Na watu wazima wametoka vyuoni kuja kukishindania." Akatikisa kichwa. "Haya. Mmewekeana nini?"

"Kuku," akasema shemeji.

"Kuku ni wangu. Wekeni kitu chenu." Akatazama huku na huku kama mtu aliyepotelewa na sindano, kisha macho yake yakaangukia mtungi mtupu mlangoni. "Wekeni maji. Anayekosa atateka maji ya kaya hii nzima, kwa miguu yake, mpaka mvua ya kwanza."

Hapo ndipo nilipotaka! Shemeji akishindwa, mke wangu atapumzika, na mwenye baiskeli atashuka genge kama watu wengine. Mkono ulishafika kwenye kalamu. Shemeji naye alicheka, kwa jinsi alivyokuwa na hakika.

"Andika, mume wangu, wewe msomi," akasema bibi. "Andika hivi: Atakayekosa hata mahali pamoja atateka maji mpaka mvua ya kwanza."

Nikaandika, kwa herufi nzuri sana, na nukta mwishoni nikaizungusha ikawa kubwa kama punje ya mbaazi. Nilijivunia ile nukta zaidi ya maneno yote.

Ilibaki orodha yangu. Mimi mpira wa kikapu nilikuwa naujua kama ninavyoijua theluji. Bibi akaniona ninavyotafuna kalamu, akanisogelea na kunong'ona kwa sauti iliyofika Newala mjini.

"Unabashiri kwa kichwa chako mwenyewe? Maskini. Njoo, tuulize kwa unga."

Kila mtu wa kwetu anaijua njia hiyo. Mtu akitaka kusafiri, au akiwa na mgonjwa, unga humiminwa taratibu kwa vidole mpaka ufanye kichuguu chenye ncha, hufunikwa kwa chungu, na alfajiri hufunuliwa. Kichuguu kikisimama, kuna heri. Kikimomonyoka, kaa nyumbani. Bibi akamimina vichuguu vinne nyuma ya jiko, jirani na banda la kuku, akaniambia hiki Serikali, hiki Misheni, hiki Pwani, na hiki cha mwisho Bondeni. Akavifunika kwa vyungu vinne.

Mimi sikuuliza kwa nini jirani na banda la kuku, wakati mti wa matambiko ulikuwa hatua ishirini tu kutoka pale. Sikuuliza kwa nini hakulitaja jina la mzee wetu hata mmoja aliyelala kaburini. Akili yote ilikuwa kwenye mtungi.

Asubuhi akafunua. Pwani kilikuwa kimelala chini kama mlevi wa uraka. Serikali kimekatika ncha na ubavu. Misheni kimelegea kidogo tu. Lakini Bondeni! Bondeni kilisimama kama kilivyomiminwa, ncha yake kali, na kilikuwa cheupe, cheupe kuliko vyote vitatu, cheupe kama pamba. Nikasema moyoni, tazama jinsi wazee wanavyokipenda chuo hiki, wamekiosha mpaka unga wake. Nikaandika: Bondeni, Misheni, Serikali, Pwani. Mwalimu akazichukua karatasi zote mbili pamoja na ile ya mapatano, akazigandisha kwa gundi ya mkorosho, akaziweka ndani ya sanduku lake la chaki.

Mimi na shemeji tukaenda Masasi kushuhudia. Usafiri ulikuwa mmoja, kwa hiyo wapinzani wawili tukapanda baiskeli moja. Mapatano yetu yalikuwa kwamba yeye anakanyaga tambarare na mimi nasukuma mlimani, na nakuhakikishia kwamba siku ile kati ya Newala na Masasi palikuwa na milima yote ya Tanganyika.

"Shemeji, mbona kila penye mchanga unapaita mlima?"

"Wewe sukuma. Zoeza shingo. Mtungi unakuja."

Tulilala Chiungutwa kwa jamaa, tukala ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha, tukafika Masasi kesho yake vumbi limetufanya wote ndugu wa baba mmoja. Uwanja ulikuwa chini ya majabali, na watu walikuwa wamepanda juu ya mawe kama kunguru. Bwana Shauri, afisa wa wilaya, alikaa kwenye kiti cha turubai. Nguzo mbili, chuma cha pipa kimekunjwa duara, na ndani yake kikapu kweli, cha ukindu, kimekatwa kitako. Nikakitazama kwa uchungu. Mtu alikisuka kile.

Siku ya kwanza Serikali wakawatoa Misheni, na Bondeni wakawatoa Pwani. Vijana wa Bondeni walikuwa wafupi, pekupeku, lakini walikuwa wanapenya chini ya mikono ya watu kama kuku chini ya ghala. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, nikaendelea kwa mikono. Kesho yake asubuhi Misheni wakawapiga Pwani, Pwani wakawa wa mwisho kama kichuguu chao kilivyosema. Nikamgeukia shemeji.

"Umeona? Wa nne Pwani! Wazee wameshaanza kusema."

"Wazee hawana viatu," akasema, ila nilimwona anameza mate.

Fainali ikaja. Nitakueleza sehemu ya mwisho tu, maana ile ya mwanzo niliitazama kwa vidole vilivyofumba macho. Serikali walikuwa mbele kwa pointi moja, na kikapu kina mbili. Filimbi iko mdomoni mwa mwamuzi. Kijana mfupi kuliko wote wa Bondeni akaurusha mpira kutoka mbali, kutoka mbali sana, tuseme kutoka Chidya. Mpira ukaja, ukakalia mdomo wa kile chuma, ukaanza kuzunguka. Bwana Shauri akasimama. Ulizunguka mara kumi na saba, nilihesabu mwenyewe. Kwa macho ya moyo nilimwona mke wangu amekaa kivulini, miguu ameinyoosha. Nilimwona shemeji akishuka genge na mtungi, analia.

Mpira ukaangukia nje.

Kurudi, shemeji hakuniacha nipande hata nusu maili. Yeye juu, mimi nyuma nasukuma, na kengele zote mbili zinalia kutoka Masasi mpaka nyumbani. Penye watu aliwaambia. Penye mbuzi aliwaambia mbuzi.

"Huyu mnayemwona, mteka maji mpya wa Chilangala!"

Mimi nasukuma tu. Sikuwa na hasira naye. Nilikuwa najipima tu kama nitaweza, na kila nikipima naziona nyimbo za unyago zinanisubiri pale juu ya genge, zimeshatungwa, zinatafuta jina langu tu la kuingiza.

Jumamosi mchana mwalimu akaja nyumbani na sanduku la chaki. Bibi alikuwa anamenya ming'oko, mke wangu kando yake. Shemeji alikuwa amevaa shati jeupe kwa ajili ya ushindi. Mwalimu, kwa vile mwalimu ni mwalimu, akazifungua karatasi, akatoa penseli nyekundu, akaanza kusahihisha kama mtihani. Kwanza Serikali, pili Bondeni, tatu Misheni, nne Pwani. Akatia alama kwenye karatasi ya shemeji: sahihi moja, makosa matatu. Akaja kwenye yangu: sahihi moja, ile Pwani, makosa matatu.

"Moja kwa nne," akasema. "Na moja kwa nne. Wote mmeanguka."

"Lakini mimi bingwa nimempata!" akaruka shemeji.

"Umempata. Ila umekosa wengine watatu."

"Mwalimu, mapatano!"

"Ndiyo, mapatano," akasema bibi bila kuinua macho kutoka kwenye ming'oko. "Yasomwe. Asome mume wangu, ndiye aliyeyaandika."

Nikasimama, nikasoma kwa sauti ile waliyonifundisha ngumbaru, nikipumzika panapostahili. "Atakayekosa hata mahali pamoja atateka maji mpaka mvua ya kwanza." Hata nukta yangu waliiona.

Kuku akapita. Shemeji alinitazama, nikamtazama.

"Kumbe na wewe," akasema polepole.

"Kumbe na mimi," nikasema. Na Mungu anisamehe, nikaanza kucheka.

Mke wangu alikuwa anacheka tangu zamani. Alikuwa amejifunika khanga usoni na tumbo linaruka. Nilipomwuliza, akaweza kusema maneno machache tu.

"Unga wa Bondeni ulikuwa wa muhogo."

Sasa, unga wa kuulizia ni wa mtama. Unga wa mtama ni mkavu na mwepesi, unaweza kusimama, unaweza kuanguka, ndiyo maana huulizwa. Unga wa muhogo hushikamana. Ukiumimina leo utaukuta hivyo hivyo hata mwaka kesho, tena mweupe kama pamba. Kila mwanamke wa uwanda huu anajua, na mtoto wa kike wa miaka mitano anajua. Mimi nilikuwa nimekula vyote viwili maisha yangu yote, lakini sikuwahi kushika mchi.

"Bibi!" nikasema. "Umewachezea wazee?"

Hapo akainua macho, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani. "Wazee nawaita kwa mvua na kwa mgonjwa, tena pale mtini. Siwaiti kwa mpira. Vile vilikuwa vichuguu vya unga tu, vya kufanya karatasi zenu zisifanane, na kuku wangu wameshavila." Kisha utani ukarudi. "Ungetaka, ungeniuliza, mume wangu. Ningekuambia jambo moja tu ninalolijua: watu wawili wanaobashiri vitu vinne wasivyovijua hawawezi kupatia vyote."

Jumatatu jogoo wa kwanza tukashuka. Bibi alitupa madebe manne na miti miwili, tukafanya mizega, debe mbele na debe nyuma, mti begani, ili angalau kichwa kibaki na heshima. Haikusaidia. Wanawake wa kijiji kizima walitusindikiza, na wimbo ulikuwa tayari. Wa shemeji ulikuwa na beti tatu, kwa sababu ya baiskeli. Wangu ulikuwa na beti sita, kwa sababu ya unga. Siku ya kwanza nilifika juu na nusu debe na damu begani. Bibi akatumbukiza kidole, akakionja.

"Haya ni jasho," akasema. "Maji yako wapi?"

Wiki ya pili tulikuwa tunafika na madebe yamejaa. Wiki ya nne wale wanaume waliotucheka walikuwa wamechoka kucheka, na mmoja wao, ambaye mkewe alikuwa na homa, alitukuta njiani akiwa na mzega wake, akajifanya anatafuta mbuzi. Tukajifanya tumeamini. Korosho zikaiva, tukaziokota mchana, tukateka maji alfajiri, na mke wangu akakaa kivulini, miguu ameinyoosha, akitutazama tunavyochomoza juu ya genge. Alisema alikuwa anahesabu. Hakuwahi kufika mia nane.

Mtoto akazaliwa kabla ya mvua, wa kike. Maji ya kumwogesha mara ya kwanza yalikuwa ya debe langu. Shemeji mpaka leo anasema yalikuwa yake, na hakuna karatasi ya kuamua. Mvua ya kwanza ilinyesha siku tisa baadaye. Tulisimama nje sote wawili tukalowana mpaka mfupani, na yeye akaenda kupiga kengele.

Mwaka uliofuata mwalimu alirudi kutoka likizo akasema vile vyuo vinne vinakutana tena, na safari hii vikapu ni vya nyavu. Habari ilitutangulia nyumbani. Tulipofika, bibi alikuwa amekaa mlangoni, mtoto mapajani, ungo wa unga mweupe kando yake, na kipande cha karatasi na kalamu yangu viko tayari juu ya kinu.

"Haya, waume zangu," akasema. "Mwaka huu mnabashiri nani? Kuni zimekwisha."